Ugonjwa wa Abshiro

Filsan hakuwa amejitayarisha kuulizwa mama yake anaumwa nini. Tangu atoke nyumbani alikuwa ameikariri sentensi moja tu, na alipomaliza kuitamka mbele ya meza ya Abdirahim alidhani kazi imekwisha.

"Anaumwa nini?" Abdirahim aliuliza tena, safari hii akiwa ameweka kalamu chini.

"Kifua," Filsan akasema.

"Anakohoa?"

"Anakohoa sana, Adeer. Usiku halali."

Hilo la usiku lilitoka lenyewe. Abdirahim alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za hina na kampuni ndogo ya kuuza na kufunga pampu za maji mjini Garissa. Wafanyakazi wake wote walimwita adeer, kama amu yao. Hakuwa mkali, ila kwa mambo ya ruhusa alikuwa mgumu. Kwake mtu alikosa kufika kazini kwa ugonjwa au kwa msiba tu. Aliyekuja kuomba siku ya kupumzika alitazamwa kwa mshangao wa kweli, akaulizwa amechoshwa na nini ilhali anaketi kivulini chini ya feni.

Sasa uso wake ulilegea. "Mama yangu mimi alikufa kwa kifua," alisema. "Tulichelewa kumpeleka. Wewe usichelewe. Siku mbili zinakutosha?"

"Zinatosha."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa chupa ya asali iliyochanganywa na habasoda. Filsan alijua kwamba ilikuwa dawa yake mwenyewe, kwa sababu alizoea kumwona akiilamba asubuhi. Akaisukuma mbele yake. "Kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mwambie tunamwombea."

Filsan aliipokea kwa mikono miwili na kutoka nje haraka.

Kwenye kivuli cha ukuta, Mustaf, fundi wa kampuni, alikuwa amechuchumaa akifungua pampu iliyoletwa kutoka Banissa. Ni yeye aliyempa ushauri. Shirika moja la misaada lilikuwa likitafuta karani wa ofisi yake ya Dadaab, na lilikuwa limemwita Filsan Nairobi kwa mahojiano. Tangazo la kazi hiyo lilikuwa na mstari kuhusu likizo ya kila mwaka yenye malipo, na Filsan aliusoma mstari huo mara nyingi kuliko ule wa mshahara.

"Amekubali?" Mustaf aliuliza.

"Amekubali. Amenipa na asali."

Mustaf akacheka. "Si nilikwambia? Ungesema interview ungekuwa umejichoma. Hapa wakijua uko na mguu mmoja nje, kesho unapata mtu mwingine kwa kiti yako. Hii ya mama ni salama. Nani ataenda kumuuliza mama?"

Nyumbani Filsan alisema jingine. Alimwambia mama yake, Abshiro, kwamba kampuni inampeleka Nairobi kwenye semina. Kama angesema ukweli, Abshiro angeona huko ni kumkosea shukrani Abdirahim aliyempa kazi wakati hakuna aliyempa. Isitoshe, kabla jua halijachwa wanawake wote wa sokoni wangekuwa wamejua kwamba binti wa Abshiro anaingia shirika, na kazi ikikosekana, maneno yangebaki.

* * *

Mahojiano hayakuwa mabaya. Basi liliondoka Garissa mapema, abiria wakashuka darajani kuonyesha vitambulisho, wakapanda tena, na mchana Filsan alikuwa ameketi mbele ya watu watatu katika chumba chenye baridi ya mashine. Alijibu vizuri kuhusu mafaili, kuhusu wateja wakali, kuhusu siku ambayo kompyuta ilizimika na yeye akaendelea kuandika kwa mkono. Mama mmoja aliyekuwa katikati, mwenye miwani, alimpenda waziwazi.

"Na mwajiri wako wa sasa anajua uko hapa?" mama huyo aliuliza mwishoni.

Filsan aliona jibu la kweli na jibu la haraka. "Anajua," akasema.

"Vizuri. Basi hapatakuwa na shida tukimpigia simu."

"Hapana shida."

Njia nzima ya kurudi aliliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha. Ile chupa ya asali ilikuwa kwenye mkoba wake. Hakuwa amejua pa kuiacha.

* * *

Abshiro aliuza maziwa ya ngamia katika safu ya wanawake waliokaa chini ya mabati upande wa juu wa soko. Kila asubuhi pikapu ilishusha madumu ya manjano kutoka malishoni, na kila mmoja alichukua yake. Kabla ya kumimina maziwa, Abshiro alifukiza chombo kwa moshi wa kuni mpaka kikashika harufu. Wateja walimfuata kwa ajili ya harufu hiyo. Wengine walisimama hapohapo, wakayanywa mabichi kikombe kizima, wakafuta midomo na kwenda zao.

Wiki ile wateja walianza kupita. Walimsalimu vizuri, wakamuuliza hali kwa sauti ya upole kuliko kawaida, kisha wakanunua kwa mwingine. Mwenye hoteli aliyezoea kuchukua dumu zima alituma ujumbe kwamba siku hizi ana maziwa ya kutosha. Mwanamke mmoja alikuja na kikombe chake mwenyewe, akakitazama, akaghairi. Hata Lul, aliyekaa ubavuni mwake miaka yote na kumshikia nafasi akienda kuswali, alikuwa amesogeza kigoda chake kidogo. Abshiro alipokohoa kwa moshi wa kufukiza, Lul alivuta ncha ya shungi lake juu ya pua.

Aliyemwambia hakuwa mtu wa kwao. Kulikuwa na mwalimu kutoka bara, mteja wake wa siku nyingi, aliyezungumza naye kwa Kiswahili, ambacho Abshiro alikisema kwa lafudhi ya kwao. Siku hiyo alipita kwa haraka akitazama upande wa pili.

"Mwalimu!" Abshiro alimwita. "Leo nakubimia ngapi? Maziwa iko tamu, ya asubuhi."

"Leo hapana, mama."

"Jana hapana, leo hapana. Maziwa yangu iko na makosa gani?"

Mwalimu alisimama, akakuna shingo. "Mama, mimi nitakwambia tu. Watu wanasema unaumwa kifua. Ati usiku unakohoa hulali, halafu mchana unauza maziwa. Na mimi nina mtoto mdogo nyumbani."

"Nani nasema?"

"Watu. Pole, mama."

Akaenda. Abshiro alibaki na kikombe mkononi. Kisha aligeuka kwa Lul, akamsemesha kwa lugha yao. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia tangu Ijumaa," Lul alijibu bila kuinua macho.

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe." Lul alisema hivyo kwa uchungu, kama aliyekosewa. "Walaal, dada yangu, nenda ukapimwe. Siku hizi qaaxo inatibika, na dawa ni bure."

Qaaxo ni kifua kikuu, na ni neno ambalo watu wa pale hawalisemi ovyo. Mwenye nacho hutengewa kikombe na sahani, na hata akipona, kikombe hubaki kimetengwa. Wanawake waliokuwa karibu waliinamia madumu yao.

"Nipimwe ugonjwa ambao sina?" Abshiro aliuliza.

"Upimwe, kisha utuletee karatasi."

"Na nikileta karatasi utasema nimeinunua."

Lul alivuta tena shungi lake juu ya pua, na hilo ndilo lililomfanya Abshiro afunge vitu vyake mapema.

* * *

Hakuna aliyekuwa amekusudia ubaya. Abdirahim alimwambia mkewe kwamba mama wa Filsan ni mgonjwa sana, amwombee. Mkewe alimwambia dada yake kwa huruma hiyohiyo. Dada yake alishangaa, kwa sababu alikuwa amemwona Abshiro sokoni asubuhi ile, amekaa na maziwa yake. Basi yeye hakumwombea. Aliwaonya watu.

Abshiro hakuyajua hayo. Alimsimulia bintiye jikoni yaliyompata sokoni, huku akimimina maziwa yaliyorudi kwenye chungu cha kugandishia. Walikuwa wamegandisha mengi kiasi kwamba majirani walikuwa wameanza kukataa kuyapokea.

"Nikimjua aliyenizushia nitampeleka kwa wazee," alisema. "Wallahi nitampeleka. Nimemkosea nani mimi, Filsan? Nimempunja nani?"

"Hujampunja mtu, hooyo."

"Lul amevuta shungi. Lul! Nilimshika mkono akizaa."

Filsan alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani. Maneno yalifika mdomoni, akayameza pamoja na chai.

Kesho yake alimwendea Mustaf. Alimkuta mlangoni mwa stoo, akamweleza kwa sauti ya chini. Mustaf alifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Ngoja tu," alisema. "Maneno ya soko hupoa. Ukikiri saa hii, kazi ya hapa imeenda, na ya kule pia imeenda, maana watapigia mzee simu. Utabaki na nini?"

"Na yeye anabaki na nini?"

"Si ni siku chache? Wewe msaidie nyumbani kwa sasa."

Filsan akamsaidia. Akawa anarudi na mchele na mafuta bila kuagizwa. Abshiro alivipokea kwa macho yenye shukrani iliyomchoma bintiye kuliko matusi. "Allah akubariki," alisema. "Bila wewe ningekuwa wapi?" Wakati huohuo yule dereva wa pikapu, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameanza kumshushia Abshiro dumu moja tu.

* * *

Mume wa Abshiro, Alio, aliishi Ijara na ng'ombe wao, na alikuja nyumbani wakati wa Idd tu. Kwa hiyo alipoingia uani alasiri moja, akiwa amejaa vumbi la lori la mifugo, na fimbo yake begani, wote wawili walibaki kumtazama. Abshiro alikuwa akisuuza madumu. Filsan alikuwa ametoka tu kazini na alikuwa mlangoni, ameshika birika.

Alio alimtazama mkewe kuanzia miguuni.

"Umesimama," alisema.

"Kwani nikae?"

"Nimeambiwa huwezi kusimama."

"Nani amekwambia?"

"Dereva wa lori. Alisema umekonda, umebaki mifupa, mapafu yamekwisha." Alikuwa akiongea polepole huku akiendelea kumkagua, kama mtu anayekagua mnyama sokoni na kushindwa kuona kasoro. "Nimeulizia hospitali nzuri Nairobi. Tutaondoka na basi la kesho. Pesa zipo. Nimeuza mtamba."

Dumu lilimtoka Abshiro mkononi. "Mtamba gani?"

"Yule mwekundu."

"Yule ana mimba!"

"Ndiyo," Alio alisema. "Ndiyo maana alinunuliwa haraka."

Abshiro alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na mengi kati ya maneno hayo, kwa miaka, yalikuwa kuhusu mume anayewajali ng'ombe kuliko watu. Sasa hakupata hata moja. Alikaa juu ya jiwe la kufulia, akafunika macho kwa ncha ya shungi lake.

"Hooyo haumwi," Filsan akasema kutoka mlangoni.

Wote wawili waligeuka.

"Haumwi kitu. Mimi ndiye niliyesema anaumwa. Nilimdanganya Adeer Abdirahim ili nipate ruhusa. Sikwenda semina. Nilikwenda kwenye mahojiano ya kazi." Aliliweka birika chini. "Aliniuliza anaumwa nini, nikasema kifua. Basi."

Jirani upande wa pili wa ukuta alikuwa akimwita kuku. Alio ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hiyo haumwi?"

"Haumwi, aabo."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Alhamdulillahi," Alio alisema. Akaligeuza dumu moja, akaketi juu yake na kuvua viatu. Baada ya muda akaongeza, si kwa hasira bali kama mtu anayejipa habari, "Mtamba amekwenda."

Abshiro aliondoa shungi usoni. "Siku zote hizi," alisema. "Ulikuwa unaniona. Nikirudi na maziwa, ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na ulikunywa chai."

Filsan alianza kulia.

"Afadhali ungewaambia nimekufa," Abshiro alisema. "Wangekuja kuhani, wangenikuta hai, tungecheka. Mtu aliyekufa hauzi maziwa. Lakini mgonjwa wa kifua anayeuza maziwa, Filsan, huyo ni mwuaji. Hivyo ndivyo walivyoniona. Wamekuwa wakinitazama kama mtu anayewawekea watoto wao sumu."

"Niliogopa ungesema nisiende."

"Ningesema usiende. Ningesema sana. Halafu ungekwenda, na mimi ningekaa hapa nikuombee njia nzima mpaka Nairobi. Sasa nani alikuombea?"

Abshiro aliinuka, akaokota dumu lililoanguka na kuendelea kulisuuza kwa nguvu isiyohitajika. "Kesho utaanza ofisini," alisema akiwa amempa mgongo. "Maneno yametoka kule, yaanze kurudishwa kule. Kisha uje sokoni."

* * *

Abdirahim alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Filsan alisema yote wima, mikono mbele, na hakumtaja Mustaf. Kupitia dirisha alimwona Mustaf akiipangusa pampu ileile isiyokuwa na uchafu.

"Ijumaa nilisimama msikitini," Abdirahim alisema hatimaye. "Baada ya swala. Niliomba watu wamwombee dua mama yako. Watu wazima waliinua mikono."

"Nisamehe, Adeer."

"Nilikupa dawa yangu."

"Ipo nyumbani. Sikuifungua."

"Sitaki dawa!" Alipiga meza kwa kiganja, kisha akaonekana kuona haya kwa kufanya hivyo. Alitazama feni. "Kwa nini hukuja ukaniambia tu? Ukasema, adeer, nimeitwa mahali, naomba siku mbili."

"Ungeniruhusu?"

Lilikuwa swali la kweli, si la utovu wa adabu, na Abdirahim alilisikia hivyo. Alifungua mdomo kujibu upesi, akafunga. Alizivuta ndevu zake.

"Nisingekuruhusu," alisema.

Kisha akayatoa macho kwenye feni, akamtazama Filsan.

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Hapana, Adeer. Kosa ni langu. Lakini umeniuliza kwa nini."

Abdirahim alichukua simu, akampigia mkewe hapohapo, akamweleza kwa maneno machache. Sauti ya mwanamke ilipanda mpaka Filsan akaisikia kutoka alikosimama, ikilalamika kwamba yeye alimwambia dada yake tu, dada yake peke yake, na kwa nia njema. "Basi mpigie huyo dada yako," Abdirahim alisema, "na umwambie awapigie wote aliowaambia." Akakata simu. "Nenda ukalimalize la mama yako. La kazi tutazungumza mchana."

Alipopita kwenye ukuta, Mustaf alinong'ona, "Umenitaja?"

"Sikukutaja."

"Asante." Alitaka kusema jambo jingine, akainamia pampu.

* * *

Sokoni Abshiro alikuwa amekaa mahali pake, dumu moja mbele yake halijaguswa. Alio alisimama nyuma yake, ameegemea fimbo, kama aliyekuja kulinda kitu asichojua kukilinda. Filsan alikuja akasimama katikati ya njia, mahali ambapo wanawake wote wa safu ile wangemwona.

"Habaryar Lul," alisema, kwa sababu tangu utotoni alimwita hivyo, mama mdogo. "Na nyinyi wote, mama zangu. Mama yangu haumwi. Hajawahi kuumwa kifua. Ni mimi niliyemzulia, kazini, ili nipewe ruhusa. Nilisema uongo."

Minong'ono ilipita safu nzima. Lul alimtazama kwa muda mrefu, na macho yake yakalowa.

"Maskini," alisema. "Tazameni binti mwema."

"Mashallah," mwingine akaitikia.

"Anajivunjia jina lake ili amsitiri mama yake. Watoto wa namna hii wamebaki wangapi?"

"Habaryar, nasema kweli!" Filsan alisema. "Wallahi nilidanganya!"

"Usiape, mwanangu," Lul alimwambia kwa upole. "Utapata dhambi kwa jambo jema."

Filsan alizungusha macho kutoka uso hadi uso. Kila mahali aliona huruma. Alipokuwa akidanganya aliaminiwa kwa neno moja, na sasa hakujua afanye nini zaidi. Mikono ilimwanguka ubavuni.

Ndipo Abshiro aliposimama.

"Mwema?" alisema. "Nani mwema? Huyu?" Alilivuka dumu lake, akamsogelea bintiye mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Huyu aliyekaa jikoni kwangu, akinitazama nikimwaga jasho langu kwenye chungu, na hakufungua mdomo? Niliyemwambia kuna mtu amenizushia, akaniambia hujampunja mtu, hooyo? Huyu aliyenidanganya mimi semina, akamdanganya yule mzee wa watu kifua, akapokea asali ya mtu, na akaiweka chini ya kitanda kama mwizi? Baba yake ameuza mtamba mwenye mimba! Mwenye mimba, Lul! Kwa bei ya mbuzi! Ng'ombe wangu wanakwenda, wateja wangu wanakwenda, na yeye anakunywa chai! Mwema! Mchukueni basi, kama ni mwema! Nani anamtaka? Namtoa bure!"

Filsan alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Watu waliokuwa wakipita walisimama, na mwendesha mkokoteni mmoja akateremsha mishikio ya mkokoteni wake ili asikilize vizuri. Abshiro aliendelea. Alirudi nyuma mpaka siku ambayo Filsan, akiwa mtoto, alivunja kikombe na kumsingizia paka, na akaeleza kwamba hata huyo paka hawakuwa naye.

Katikati ya hilo la paka Lul alianza kucheka. Alijizuia kwa shungi, akashindwa, na kicheko kikashika mwanamke wa pili na wa tatu. Hakuna mama anayemtendea hivyo binti aliyejitoa kwa ajili yake. Hilo kila mmoja pale alilijua kwa binti zake mwenyewe.

"Basi, basi, Abshiro," Lul alisema akifuta machozi. "Tumeamini. Utamwua." Akaburuta kigoda chake mpaka kilipokuwa zamani, akachukua kikombe, akakinyoosha. "Nimiminie."

"Una dumu zima la kwako."

"Nimesema nimiminie."

Abshiro alimmiminia mpaka ukingoni, maziwa yakamwagika kidogo. Lul alikunywa yote. Hakuomba msamaha kwa maneno, na Abshiro hakumdai. Alipoketi, aliwaambia wapita njia kwa ukali kwamba wamesimama bure na maziwa yanapata joto.

Wachache walinunua. Mwalimu alipita baadaye, akaelezwa na Lul kwa Kiswahili cha haraka ambacho hakukielewa vyema, akacheka kwa sababu wengine walicheka, akanunua. Mwenye hoteli hakurudi siku ile, na hata wiki zilizofuata aliendelea kusema ana maziwa ya kutosha. Alio alikwenda kwenye kituo cha malori kuulizia safari ya Ijara, lakini aliambiwa liko lori la siku ile na liko la kesho, na akachagua la kesho.

Filsan alipokuwa akiondoka, Abshiro alimwita. Hasira ilikuwa imemtoka na kumwacha amechoka.

"Nimekutukana mbele ya watu."

"Ndiyo, hooyo."

"Watalisema mpaka Bute. Nani atakuoa sasa?"

"Sijui."

"Umekula?"

"Bado."

Abshiro alimpa kikombe cha maziwa, akamtazama mpaka alipokimaliza.

* * *

Ofisini Abdirahim alimwambia akae. Mbele yake palikuwa na funguo za stoo, ambazo siku zote zilikaa kwa Filsan, na Filsan alielewa kabla ya kuambiwa.

"Funguo zitakuwa kwangu kwa sasa," Abdirahim alisema. "Kazi unayo. Mshahara ni uleule. Lakini asubuhi utakuwa unakuja kwangu kuomba ufunguo, na mimi nitakufungulia. Mpaka moyo wangu utulie."

"Sawa, Adeer."

"Mtu akitaka ruhusa kwangu, wewe au yule fundi anayejificha kule nje, aje aseme anakwenda wapi. Naweza kukataa. Lakini nitasikiliza kwanza." Alisita. "Kuna jambo jingine. Wamenipigia simu, wale wa shirika. Mama mmoja, ana sauti nzuri. Ulikuwa sokoni."

Filsan alishika ukingo wa kiti.

"Aliniuliza wewe ni mfanyakazi wa namna gani. Nikamwambia unajua kazi, wateja wanakupenda, hujawahi kuchelewa. Kisha akaniuliza kama ni kweli nilikuwa najua umekwenda kwao." Abdirahim alikohoa kidogo. "Nikamwambia sikujua. Nikamwambia ulivyofanya. Nikamwambia pia kwamba leo asubuhi umekuja mwenyewe ukaniambia, hakuna aliyekukamata. Hilo nililisema mara mbili."

"Akasemaje?"

"Alishukuru. Alisema watafikiria." Akatikisa kichwa taratibu. "Sidhani kama watakuchukua."

Nje, tuktuk ilipiga honi na kwenda. Filsan alifikiria ile ofisi ya Dadaab ambayo hakuwahi kuiona, na mama mwenye miwani akiweka simu chini, na mstari ule wa likizo. Alitaka kusema kwamba ni haki, kwamba ameyataka mwenyewe, kwamba amejifunza.

"Ungependa ningemdanganya?" Abdirahim aliuliza.

Filsan aliinua macho. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kutafuta jibu zuri.

"Ndiyo, Adeer," alisema.

Abdirahim alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka ambacho hakuna mfanyakazi aliyewahi kukisikia, kikubwa, cha kifuani, mpaka Mustaf akachungulia dirishani akiwa na spana mkononi. Abdirahim alimfukuza kwa ishara ya mkono, akafuta macho, akausukuma mlango kwa mguu ili ufunguke.

"Haya," alisema. "Kuna watu wameketi pale mbele tangu adhuhuri, wanataka pampu. Nenda ukawasikilize."

Filsan alisimama, akajifuta uso kwa ncha ya shungi lake, na kwenda.